Maji ya Chini Yanapokimbia Kuliko ya Juu

Salwa Junaid anavua viatu, anafunga ncha za buibui kiunoni na kuingia mtoni, nje kidogo ya mji wa Chaka. Maji yanamfika mapajani. Anashika kipima mkondo: rafadha ndogo kwenye kamba, inayozungushwa na maji huku mizunguko ikihesabiwa. Kama kawaida, anakizamisha kiasi cha kiganja tu. Leo kamba inamponyoka, na kifaa kinazama hadi chini.

Rafadha inazunguka kama imepagawa.

"Nilishtuka," anasema mama huyu wa watoto watatu kutoka Majengo, Nyeri. "Chini maji hujikokota kwa sababu ya mawe. Hayawezi kukimbia kushinda ya juu."

Anapapasa kwa mguu. Kati ya mawe yaliyopangwa kwa makini anagusa mdomo wa bomba, linafyonza. Analifuata vichakani mpaka linapoishia: kwenye nyumba ya plastiki ya nyanya za Mutahi, mwenyekiti wa chama cha watumiaji maji.

Zamani Salwa alipima juu na chini, kama alivyofundishwa. Kiangazi kilipoanza, Mutahi alimwagiza apime juu tu, eti mawe yatavunja kifaa. Alitii. Kibarua chake cha shilingi mia tano kwa siku kilikuwa mikononi mwa Mutahi.

Vipimo vya juu vikasema mto una maji, huku mifereji ya walio chini imekauka. Wakulima wakamgeuka. Sokoni wakambandika jina, Mama Mafuriko. Watiri, ambaye kabichi zake zote zilinyauka, aliacha hata kumsalimu.

"Mimi mwenyewe hununua maji kwa mtungi," anasema Salwa, macho yamemjaa machozi. "Halafu naitwa mwizi wa maji."

Anampigia Mutahi simu kumweleza jinsi rafadha ilivyozunguka. Bomba halitaji. Mutahi anajibu kwamba kifaa kimeharibika, kipelekwe Nanyuki kikatengenezwe.

Mchana Mutahi anarudia hayo mkutanoni, mbele ya wanachama.

"Ati kilichoharibika ni mashine, ama ni mwenye kuishika?" anauliza Watiri. Watu wanacheka.

Salwa, ambaye kwenye mikutano hukaa nyuma na kunyamaza, anasimama.

"Mashine iko sawa, mwenyekiti. Maji inaenda kwa nyanya zako. Kesho napima mpaka chini, na wewe utakuja kutoa hiyo bomba na mikono yako, hawa wote wakiona."