Springi za Mwisho za Tavenel

Kiwanda cha Tavenel, huko Uswisi, kilikufa kifo cha aibu: saa za betri zilikinyonga. Kilikuwa kikitengeneza saa tangu enzi za Mjerumani, saa nzito zisizoogopa vumbi wala maji ya ziwa, na Mwanza nzima aliyejua kuzifungua ni mmoja tu, Ishengoma, Mhaya mwenye kibanda cha ufundi barazani kwake, Makoroboi. Wakala wa kiwanda alipofunga duka na kuhama nchi, alimwachia mkebe wa biskuti uliojaa springi mpya. Ishengoma akazibania kwelikweli. Akiba haiozi, alisema.

Basi mwaka 1983 akiba ikaanza kunuka. Msako wa walanguzi ulipamba moto, na aliyekutwa na mali ya nje bila risiti alikwenda na maji. Risiti za zile springi alikuwa nazo nani? Wakala, na wakala hayupo. Watu walitupa ziwani hata sabuni na vitenge kwa woga.

Asubuhi moja balozi wa nyumba kumi alipita kunong'ona kwamba mgambo wameanza mtaa wa juu.

"Nawe katupe," alisema Jovitha, mkewe. "Ukifungwa Butimba, watoto watakula springi?"

"Kiwanda kimekufa, mama Odeta. Nikizitupa hizi, ndiyo basi tena. Nenda kaniitie wenye Tavenel, upesi!"

Wakaja mbio: walimu, makarani wa reli, katekista. Ishengoma alifungua saa moja baada ya nyingine, akatoa springi iliyochoka, akatia mpya, bure kabisa, jasho likimwingia machoni. Mlango wa jirani ukagongwa. Akafunika saa ya mwisho, katekista akaivaa, akapishana mlangoni na mgambo.

"Tumsifu Yesu Kristo," akawaambia, akaenda zake.

Waliukuta mkebe mtupu. Wakapekua hadi chini ya mkeka, wakaondoka wamenuna. Jovitha alicheka mpaka akakaa chini. Ishengoma hakucheka.

Wiki ile ile akaja Bernadeta, muuguzi wa zahanati ya Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Habari za ule mwito hazikuwa zimemfikia.

"Shikamoo, fundi. Imesimama, na ndiyo ninayohesabia mapigo ya wagonjwa. Springi unayo?"

"Marahaba."

Hakuwahi kumwambia mwenye Tavenel kwamba hakuna, na sasa roho ilimuuma kama aliyefiwa. Akavua Tavenel yake mwenyewe mkononi, akaigeuza, akaanza kuifungua.