Nundu ya baba yake bibi

Leo nimemkosea marehemu heshima, tena kwa kompyuta.

Asubuhi bibi mmoja wa Kitahana kaja studio kwangu hapa Kibondo na picha ya baba yake. Mzee kaketi nje ya nyumba, mkongojo mkononi. Ujanani aliwabebea Wajerumani mizigo kwenye ile vita yao ya zamani. Picha kapigwa ameshazeeka.

Nikaanza kuisafisha kwenye kompyuta. Madoa nikatoa.
Begani nikaona kinundu, nikajua ni karatasi imevimba. Nikakilaza.

Yaani nilijisifu mwenyewe.

Nikaichapa, bibi akaitazama. Sasa sisi Waha mkubwa tunamsalimia kwa makofi, na picha yake chakavu alipoitoa kwenye khanga aliipigia makofi.
Hii yangu inayong'aa, hapana.

"Huyu simjui," akasema. "Baba alikuwa na nundu ya mizigo ya vita. Mzigo ule kaenda nao kaburini. Wewe nani wa kumtua?"

Waliokuja kupiga picha za paspoti wote wananitazama. Mimi natazama kibodi.

Nikairudisha nundu, nikachapa upya.

Bibi akainama, akapiga makofi taratibu, akaamkia kwa Kiha. "Mwakeye, baba."
Kisha akanigeukia. "Na wewe msalimie."

Nikapiga makofi. Wa paspoti nao wakapiga, hata hawakuambiwa.

Ameondoka anatabasamu, kaniachia nakala moja. Nimeitundika pale mlangoni.

Ukija kupiga picha kwangu, anza na mzee.