Paketi Moja, Chupa Mbili

Kila nikichana paketi ya dawa ya kuharisha, ule unga mweupe ukatoa harufu yake ya machungwa ya uongo, hujiona uani kwetu, kijijini Ole, na mdogo wangu Hamadi akilia bila machozi. Nakwambieni nyinyi kwa kuwa kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka tisa, yeye hajatimiza miwili. Mama alirudi naye kutoka kituo cha afya na paketi kama hiyo, akanipa chupa tupu ya nusu lita. Karafuu zilikuwa zikimngoja kwenye majamvi.

"Maji ya kuchemsha yamo birikani. Chupa hii mbili, paketi moja. Umesikia, Asha?"

"Nimesikia, mama."

Birika lilitoa chupa moja tu. Kupata ya pili ilibidi nipulize kuni mbichi, na nje wenzangu walishaanza kucheza rede. Nikamimina unga wote kwenye chupa ile moja. Nilijiambia dawa ikiwa kali ndiyo huponya haraka.

Mama alimnywesha kwa kijiko. Hamadi akikunja uso, akigeuza kichwa. Mama akambembeleza, akamshika kidevu. Kufika alasiri macho yalikuwa yamemdidimia, shingo imelegea. Tukamkimbiza hospitali ya mjini, Chake.

Nesi alionja kilichobaki kwenye chupa tuliyokuja nayo, akatema.

"Chumvi tupu hii! Nani kachanganya?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Mie," alisema mama.

Alifokewa mbele ya wodi nzima, kwamba maji yakipungua dawa hiyo humkausha mtoto badala ya kumwokoa. Mama, aliyeweza kumzaa nesi yule, alijibu tu, "Nisamehe, mwanangu."

Hamadi alipona, alhamdulillahi. Leo ana watoto wake. Lakini mama hakuniuliza kitu, na kutoulizwa kuliniuma kuliko bakora.

Mwaka jana, tukimenya muhogo, nikamwambia yote. Aliweka kisu chini.

"Birika lile nilichemsha mie," akasema. "Nilichemsha maji ya chupa moja, nikakwambia mbili. Na kijiko nilishika mie."

Miaka yote nilidhani alisema uongo ili anifiche. Kumbe alisema alichokiamini, na kilimla kimya kimya kama changu kilivyonila, chini ya paa moja. Laiti ningefungua mdomo siku ile pale wodini, mzigo huo tungeubeba wawili.