Kikombe cha Kutangulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kazi ya kumwaga pombe. Mama Fundi, ndivyo tulivyomwita mwenye kiwanja cha kupikia pombe ya lutuku nyuma ya soko la Kasongo, alinipa kopo la bati, akanionyesha ncha ya tuyo, yaani mrija, iliyoanza kudondosha, akasema, "Kinga hapa. Ikijala, mwanga kule ku majani. Usionje." Nilikinga. Kopo likajaa pombe kali, nyeupe, inayochoma pua. Mimi nimelelewa na mama asiyetupa hata ganda la muhogo, nikaona huyu mwanamke ana wazimu.

Nikamuuliza, "Mama, tunamwanga sababu gani na batu beko nangoja kununua?"

Hakugeuka hata kunitazama. "Ile ni kichwa. Kichwa inakula macho ya batu. Mu kiwanja yangu kichwa haiuzwe."

Nikamwaga. Majani ya mahali pale yalikuwa yamekauka zamani, na mimi sikuuliza tena.

Nyinyi vijana wa leo mnakunywa kitu chochote kilichotiwa ndani ya chupa, halafu mnasema mmekunywa lutuku. Lutuku gani? Ngoja niwaambie. Lutuku ni muhogo na mahindi, basi. Muhogo unaloweshwa mpaka ulainike, unaanikwa, unatwangwa. Mahindi yanafunikwa kwa majani ya ndizi na kunyunyiziwa maji mpaka yaote, kisha yanakaushwa na kusagwa. Unga huo wa mahindi yaliyoota ndio kimea, na kimea ndicho kinachochachua. Unachanganya na maji, unaacha mpaka uweke sikio kwenye pipa usikie linachemka lenyewe bila moto. Ndipo unapika ndani ya futu, lile pipa la chuma. Mvuke unapita ndani ya tuyo, tuyo inalala ndani ya maji baridi, na mvuke unageuka tone. Matone ya kwanza ni kichwa, yanamwagwa. Ya katikati ni moyo. Ya mwisho ni mkia, hafifu na yenye harufu ya moshi, yanarudishwa kwenye futu kwa mpiko unaofuata. Kinachouzwa ni moyo peke yake, na kwenye moyo hakiongezwi kitu. Hata sukari. Hata jani.

Mama Fundi alikuwa mkali, Mungu amrehemu. Ukiharakisha moto, alikupiga na mwiko kwenye mgongo wa mkono, awe mtoto wako amesimama hapo au hayupo. Katekista wa mtaa wetu alituhubiri kila Jumapili kwamba sisi ni mabinti wa shetani, na Jumatatu alituma mtu na chupa tupu. Mama Fundi aliijaza, akasema, "Mupelekee. Na yeye iko na magoti, inachoka na kusali." Tulicheka mpaka moshi ukatuingia kooni.

Nilipokuwa nimekomaa alinituma Nyangwe, kwa mwanamume tuliyemwita Patron wa Depo, mwenye ghala la pombe. Yeye hakupika sana. Alinunua kwa wanawake wa vijiji, akapakia kwenye mitumbwi kushuka mto Lualaba kwenda kuuza. Tuyo ya futu lake moja tuliipoza ndani ya mtumbwi uliopasuka, tumeuziba kwa udongo na kuujaza maji. Lakini kazi yangu hasa ilikuwa kuchagua. Chupa zilifika za kila namna, na mimi nilisema hii ndiyo, hii hapana.

"Macho iko na uongo," Patron alinifundisha. "Tumia mikono."

Unatia tone kwenye kiganja, unasugua viganja viwili mpaka vikauke, unanusa. Lutuku ya kweli inakimbia lakini inaacha harufu ya mahindi na moshi kidogo, kama nguo ya mtu aliyetoka jikoni. Ikikimbia isiache kitu, hiyo ni spiriti ya dukani iliyotiwa maji. Ikiacha utamu wa biskuti, jua kuna mtu ametia mkono wake. Kisha unatikisa chupa. Shanga, yaani yale mapovu madogo ya juu, zinajipanga pembeni ya kioo, zinakaa kidogo, zinapotea. Zikikaa tu, hazitaki kuondoka, basi humo kuna sabuni. Ndiyo, sabuni. Watu wanatia sabuni ili pombe dhaifu ionekane ina nguvu.

Na juu ya hayo yote kulikuwa na desturi yetu, ambayo ilikuwepo kabla ya Patron na kabla ya Mama Fundi. Kwetu anayeuza hutangulia. Anamimina kikombe cha kwanza mbele ya mnunuzi, anakunywa nusu, anampa mnunuzi amalizie. Anayetangulia ni mwenye mali mwenyewe, au mtu wa damu yake. Mfanyakazi haruhusiwi, kwa kuwa mfanyakazi unaweza kumlipa afe. Siku moja alikuja mama mmoja na chupa nzuri kwa macho, akaombwa atangulie, akasema tumbo linamuuma. Patron hakumtukana. Alimrudishia chupa kwa mikono miwili akasema, "Pole, mama. Tumbo ikipona, utarudi." Hakurudi, na hakuna aliyeshangaa.

Niliipenda desturi hiyo. Nilisema moyoni, duniani hakuna sheria inayoshinda hii, maana mwenye kuharibu atajiharibu wa kwanza. Lo! Kumbe.

Patron alipozeeka nikaitwa Salamabila. Kule kwenye dhahabu kila kitu kinauzwa na kila mtu ana haraka. Mkubwa wangu alikuwa Chef wa Depo, mwanamume wa kofia, hata ndani ya nyumba hakuivua. Nilimpikia mpiko wangu wa kwanza, moyo mtupu. Akaonja, akatikisa kichwa.

"Mama, iko muzuri. Ila iko mweupe sana. Batu banataka ya rangi, sawa ile ya mu chupa ya wazungu."

"Rangi inatoka wapi? Mahindi haina rangi ile."

"Unachoma sukari, unatia. Na manukato ya biskuti kidogo. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akacheka, si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kucheka. Alichoma sukari yake mwenyewe, akatia, na ile ya rangi ikaisha kabla jua halijapanda, yangu ikabaki imepangwa ukutani. Baadaye ikaja sabuni, kisha bidoni, yale madumu ya plastiki, za spiriti ambazo hata yeye hakujua zimetoka wapi. Watu wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Aliyesema hivyo hakufika Salamabila. Kule kibaya kilikaa kwenye kiti kikangojewa, na kizuri ndicho kilichotembea kikirudi nyumbani mgongoni mwangu. Niliaga, nikashika njia ya Kabambare mpaka Kasongo, nikafungua kiwanja changu.

Kasongo nilipika miaka mingi, na nilimfundisha binti yangu Riziki. Alikuwa na pua kali kuliko yangu. Alinusa pipa akajua litaiva leo au kesho. Kisha kifua changu kikakataa moshi, nikikohoa nasikia mbavu zinaachana, nikastaafu. Riziki alikuwa ameolewa Salamabila. Mume wake alifuata dhahabu nyingine mbali, akatuma salamu, halafu hata salamu zikaacha kuja. Riziki akabaki na watoto wadogo na futu moja. Akafungua depo yake.

Habari niliipata kwa mwendesha pikipiki aliyetoka kule. Alikaa, akanywa maji, akasema kama anayesema mambo ya mvua, "Mama, binti yako anamwanga chai inje ya kikombe."

Mawe, mama yangu! Nilipanda pikipiki hiyohiyo, na kifua changu na kikohozi.

Nilimkuta Riziki amekaa mbele ya depo yake, bidoni zimepangwa, chupa za rangi nzuri. Alinitambua kwa sauti. Nilipokaa karibu alinishika uso kwa mikono, akasema jua la siku hizi ni kali, ndiyo sababu. Nikachukua chupa yake, nikatia tone kiganjani. Biskuti. Nikatikisa. Shanga hazikuondoka. Nikamuuliza kichwa anapeleka wapi. Akasema, "Mama, kichwa ndiyo inauma mu koo. Banataka ile yenye kuuma."

"Na weye unakunywa?"

"Niko natangulia, Mama. Nisipotangulia hawanunue."

Hapo ndipo niliposhika kichwa changu. Wale watu wamesahau kila kitu cha zamani, wamesahau moyo na mkia, wamesahau harufu ya mahindi, lakini kutangulia hawakusahau! Kila mnunuzi anayefika anasimama pale anasema, "Mama, tangulia." Na mtoto wangu anakunywa nusu kikombe cha kitu alichokiharibu kwa mikono yake, kwa huyu, kwa yule, tangu asubuhi mpaka giza. Mnunuzi anakunywa kikombe kimoja anaenda zake. Riziki anakunywa na wote.

Nilimpeleka kwa mganga wa kituo cha afya. Alimwangalia macho kwa taa ndogo, akaniita kando. Akasema yale yaliyokwenda hayarudi, lakini yaliyobaki yanaweza kubaki kama ataacha leo kunywa ile yenye kichwa. Leo, si kesho. Nikamwambia Riziki. Akaniuliza watoto watakula nini. Nikamwambia tutapika ya kweli, mimi na wewe, uone.

Tulipika. Nilisahau kifua changu. Muhogo, mahindi, majani ya ndizi, moto wa polepole. Kichwa tulikimwaga majanini, na jirani mmoja akapita akapiga kelele kana kwamba tumemwaga damu ya mtu. Moyo ulitoka safi mno nikalia. Nalisema wazi, nililia, mzee mzima, kwa furaha. Riziki alisugua viganja akanusa, akasema, "Ni ile ya nyumbani." Tukaipanga mbele.

Mchimbaji wa kwanza alitazama, akauliza mbona ni maji. Riziki akatangulia, kwa furaha, kikombe kizuri kisicho na kichwa. Yule akamalizia, akatema. "Haiume." Wa pili akasema tumeipunguza kwa maji. Wa tatu alivuka barabara kwenye depo ya pili ambako kuna rangi. Hivyo hivyo mpaka watoto wakawa wanakula muhogo tuliobakiza wa kupikia. Ile pombe nzuri tuliuza kwa kubembeleza, nusu ya bei ya ile mbaya, na wazee wawili tu walirudi kuiulizia.

Asubuhi moja niliamka nikakuta Riziki amechoma sukari. Sikumgombeza. Nilikuwa nimekwisha kusema yote niliyokuwa nayo. Akaja mnunuzi, mtu mkubwa wa mwili, akasema, "Mama, tangulia." Riziki akamimina, nusu ikaanguka mezani, akapapasa kikombe na hakukipata. Yule mtu akangoja. Mtoto wangu wa kuzaa anapapasa meza mbele ya watu, na mtu anangoja tu anywe!

Nikakichukua mimi. Nikasema, "Mimi ni mama yake. Ni damu moja." Nikanywa nusu, nikampa.

Tangu siku ile mimi ndiye ninayetangulia. Riziki hanywi tena, nimemwapisha kwa majina ya watoto wake. Mganga anasema macho yake yamesimama pale yalipofika. Anaona kivuli cha mtoto mlangoni, anajua ni yupi. Mimi yangu yameanza ukungu pembeni, na kikohozi ndicho kile kile. Mnaoniuliza kustaafu kukoje, hivyo ndivyo kulivyo. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili mtu asinywe kichwa, na sasa nakinywa kila asubuhi, sioni mlango wa kutokea. Ningekuwa na mwingine wa kumpa Riziki chakula ningemwambia avunje hilo futu. Sina.

Msifikiri ninanyamaza. Kila mnunuzi namwambia ukweli usoni, kwa sauti ya kusikika, kwamba hii imetiwa sukari, imetiwa sabuni, kichwa kimeachwa ndani. Nawaonyesha viganja. Nawaambia ile nzuri ipo, ukiitaka nitakupikia kwa mikono yangu. Wanacheka. Wanasema wazee wa Kasongo wanajua maneno.

Wiki hii alifika mtu ametoka mbali, huko Lusangi, pikipiki imejaa matope. Alisema amesikia kwamba kwa Riziki anayetangulia ni fundi mwenyewe, yule wa zamani, asiyeuza kichwa. Nilimwambia, "Mwanangu, usinywe hii. Mimi nakunywa juu ya kulinda macho ya binti yangu. Weye hauna sababu."

Akanitazama kwa heshima, akaipokea nusu yake kwa mikono miwili. "Mama Muzee," akasema, "kama iko mubaya, ungeniambia vile?"

Akamalizia, akanunua bidoni nzima, akaifunga kwenye pikipiki, akanishukuru.