Kuwatafutia Funza Tajiri Unguja

Nilikwenda Unguja kwa sababu ya funza. Nalisema mapema ili ninyi ndugu zangu wa Morogoro, mlionisindikiza stendi mkidhani nakwenda kula urojo na kupiga picha ufukweni, mnisamehe. Chuoni nipo katika kitengo cha ushirikiano, ofisi yenye feni moja inayozunguka ikijisikia, na kazi yetu ni kuwatafutia watafiti wafanyabiashara watakaoyatumia waliyoyagundua. Watafiti wetu wanagundua sana. Wakishagundua wanaandika, wakishaandika wanapandishwa cheo, na kilichogunduliwa kinabaki palepale kikipigwa na vumbi.

Safari hii mtafiti alikuwa Dkt. Asya, mwenzetu wa chuo, mzaliwa wa Unguja, aliyerudi kwao kufuga funza lishe. Kwa asiyewajua, hao ni watoto wa nzi mmoja mweusi, mwembamba, asiye na haja ya kuingia jikoni kwa mtu. Unawapa mabaki ya chakula, wanakula bila kupumzika, wananenepa, unawakausha, na kuku wanawala badala ya dagaa na soya. Hoteli za Unguja zinatupa chakula kingi. Kisiwa chenyewe ni jiwe la matumbawe lenye matundu, na unachokifukia leo nyuma ya hoteli, kesho kinachungulia kisimani mwa watu. Asya alikuwa amethibitisha kwamba funza wake wanaweza kulipunguza tatizo hilo. Alichokosa ni tajiri wa kuwachukua. Fedha za mradi zilikuwa ukingoni, na zikikatika banda linafungwa, nzi wanaachiwa waende zao. Ndipo mkuu wangu akaniambia, "Daudi, nenda ukalete mkataba."

Kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam nilikaa nimelikumbatia bango la chuo kama mtoto mchanga. Baada ya kisiwa cha Mbudya bahari ilianza kututikisa. Wafanyakazi wa boti wakapita wakigawa vifuko, na mimi, mjukuu wa Milima ya Uluguru, nikatumia changu na cha jirani. Nilishuka bandarini Malindi nikiwa mweupe kuliko watalii.

Mji Mkongwe tulikuwa tumekodi ukumbi ghorofani katika hoteli moja ya nyumba ya kale, yenye ngazi zilizosimama wima utadhani zilijengwa kumchuja mgeni. Tulikuwa tumewaalika wenye hoteli, wafugaji na wauza vyakula vya mifugo. Saa ya kufungua warsha ilipofika, ukumbini tulikuwa mimi, Asya, bango, na maofisa wa ofisi mbalimbali waliotumwa na maofisa wengine. Mfanyabiashara hakuwapo. Kisha akaingia mzee mmoja wa makamo, kofia safi kichwani, akahema kwa ngazi, akatazama huku na huku. Nikamrukia, nikamkalisha mbele, nikamvisha kitambulisho cha mdau.

Kumbe mzee huyo, Bwana Machano, alikuwa ameleta mayai ya hoteli na alikuwa anamtafuta mtu wa jikoni. Kwa adabu za watu wa kule hakutaka kunivunja moyo, akakaa. Alisikiliza hotuba ya ufunguzi, na hotuba ya kuishukuru hotuba ya ufunguzi, na picha za Asya ukutani zenye mistari inayopanda na kushuka. Ilipofika nafasi ya maswali, maofisa waliuliza kuhusu chakula cha mchana kwa kuzunguka mbali. Bwana Machano aliuliza moja tu: hao wadudu watakuwa rahisi kuliko chakula anachonunua sasa, au ni maneno? Akaeleza kwamba chakula cha kuku kinavuka bahari kutoka bara, bei inapanda kila mzigo unapoingia, na ameshawaza kuuza nusu ya kuku wake. Asya alimjibu kwamba ni rahisi, na kama anataka aje kuona. Mzee akasema haya, twende, gari liko chini.

Hivyo warsha ya wadau iliishia ndani ya pikapu, sisi watatu mbele tumebanana na trei tupu za mayai zikigongana nyuma.

Kizimbani ni shamba, ndani kutoka mjini, njia nzima inanuka karafuu na mdalasini. Banda la Asya, alilolikodi kwa mtu jirani na huko, lilinuka vingine. Si uvundo hasa; ni harufu ya pombe ya mnazi iliyosahauliwa na mwenye nayo. Ndani kulikuwa na mabeseni yaliyopangana, na kila beseni lilikuwa likitembea. Mimi, niliyekuwa nikiwasifia viumbe hawa kwenye ripoti kwa muda mrefu, nilisimama mlangoni. Bwana Machano alichota kiganja, akawaacha watambae mpaka kwenye saa yake, akasema wameshiba. Siku hiyohiyo alichukua ndoo ya waliokaushwa akaenda kuwajaribia kuku wake. Asubuhi iliyofuata alitupigia simu kwamba kuku walitazama kwanza, halafu wakapigana. Akataka kujua tunaanza lini, na akaomba apelekwe akaone chakula cha hao funza kinatoka wapi.

Tukapanda Kendwa, kaskazini kabisa, kwenye hoteli ambayo Asya alikuwa akichukua mabaki ya majaribio. Meneja wake, Elia, kijana wa Moshi aliyevaa shati la maua kama adhabu, alitupokea kwa shangwe. Shimo la taka lilikuwa limejaa, upepo ulikuwa umegeuka, na wageni walikuwa wameanza kuandika mitandaoni kuhusu harufu. Alikuwa tayari kutukabidhi mabaki yote, na kazi ya kusafisha shimo kama nyongeza. Alikuwa na sharti moja: neno funza lisitamkwe ndani ya geti lake, kwani siku hizi wageni wana simu zinazotafsiri. Tukakubaliana kuwaita "wale vijana". Tukazungumza kwa heshima sana kuhusu hamu ya kula ya wale vijana. Nami nikaanza kuuona mkataba ukinijia kwa miguu yake mwenyewe.

Kisha tukaenda nyuma kuliona shimo. Bwana Machano aliinama, akatazama kwa muda. Akanyoosha kidole, akauliza ile nyama ya vipande vyembamba ni nyama gani.

"Hiyo ya asubuhi? Nguruwe, mzee," Elia akasema. "Wageni hawaamki bila hiyo."

 Mzee alikwenda bombani akanawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote. Aliporudi alimuuliza Asya kama wale aliowachukua kwenye ndoo walikula humo. Asya akasema walikula kila kitu. Akaanza kueleza kwamba kwenye tumbo la funza nyama inavunjwavunjwa, haibaki nyama tena, na amepima. Sauti yake ikawa inapungua kadiri anavyoeleza.

Hapo mimi nikaona nisaidie. Nilisema kwamba hata kuku wa kienyeji anachakura jalalani na hakuna anayemuuliza amekula nini, na kwamba pengine ni jambo la kuulizia, huenda mashekhe wana kauli nyepesi. Ninyi mnaonijua, na mnaojua nilivyo rafiki wa nyama hiyohiyo, kitimoto, pale Msamvu, mtaelewa kwamba sikuwa mtu wa kulizungumzia suala hilo.

"Mashekhe wanaweza kukhitilafiana, ndo elimu," Bwana Machano akanijibu taratibu. "Mteja wangu hakhitilafiani na mtu. Anaondoka tu. Na miye simuuzii mtu yai nisiloweza kulila mwenyewe."

Alisema wale kuku walioonja atawatenga, mayai yao hayatatoka uani mwake mpaka aulize kwa wanaojua. Akaturudisha mjini. Njia nzima alitueleza habari za wajukuu zake kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko ugomvi.

Jioni ile nilikaribishwa nyumbani kwa mama yake Asya, Michenzani, kwenye yale majumba marefu ambayo ukianza kutembea mwanzo wa jengo unafika mwisho umeshapata njaa. Mama alituandalia wali na mchuzi wa papa, akaniuliza nimeoa, akaniuliza kwa nini sili.  Mimi nilikuwa na mawazo mengi ya kiofisi, nikayatoa yote: tutafute wenye mabwawa ya samaki, tutafute wafuga mbwa wa ulinzi, tuwauzie watu wa bara ambao hawatauliza. Asya alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kaka Daudi, nimeandika kurasa na kurasa juu ya walichokula hawa wadudu," akasema. "Sikuandika mstari mmoja juu ya nani atakula baada yao. Na mama huyu unayemwona, mayai anayonunua duka la hapo chini ni ya Machano."

Nilimwona ana machozi, nikajitia kushughulika na papa. Jambo lililomuuma ni kwamba yeye si mgeni. Amezaliwa hapa, amesoma skuli hapa, anajua kila kinachoingia na kisichoingia katika chungu cha mama yake. Lakini mradi uliandikwa kwa lugha ya chuo, kwa jina la mabaki ya hoteli, na ndani ya jina hilo nguruwe alijificha vizuri, wala hakuna aliyemtafuta. Kulitengeneza sasa maana yake ni kuanza majaribio upya, kwa chakula kingine, huku fedha zikiisha.

Kesho yake asubuhi alinipigia nikiwa bado nimelala. Alikuwa anakwenda Kendwa, na kama nataka kuja nije na viatu vya maana.

Safari hii hakwenda kwa meneja. Aliingia moja kwa moja jikoni kwa mpishi mkuu, Bi Riziki, mwanamke wa Nungwi mwenye sauti ya kuamrisha jahazi, akamwamkia, akamuuliza ile nyama inapikwa vipi humu. Bi Riziki akamtazama kama aliyetukanwa. Akatuonyesha kona ya mbali, yenye jiko lake, kikaango chake na visu vyake vyenye mpini mwekundu, anapofanya kazi kijana mmoja kutoka bara. Akasema kisu chekundu kikivuka mstari wa vigae, mwenye kisu naye anavuka geti. Sahani za wageni zinaporudi ndipo vyote vinachanganyika, na hizo hazirudi kwake.

Asya akauliza kuhusu maganda ya maembe, mananasi na viazi, vichwa vya samaki, wali uliobaki chunguni. Bi Riziki akasema hivyo vinatoka upande wake kabla mgeni hajaamka, viko kwenye mapipa yake, na vinakwenda shimoni kwa kuwa hakuna aliyewahi kuvitaka.

Elia alipotukuta nje, karibu na shimo, hakufurahi. Alikuwa amemwahidi mwenye hoteli kwamba shimo lote litakwisha, na sasa anaambiwa vya sahani vinabaki. Alisema chuo kizima kimekuja kumpunguzia nusu ya harufu. Alitaka tuchukue vyote au tuache vyote. Nikasubiri Asya alegee, maana nusu saa nyingine ya jua lile ningelegea mimi.

Asya akamwambia, "Nusu nnaweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote hapa kisiwani. Yote siwezi hata mbele ya mama yangu."

Elia alitazama shimo, akatazama ufukwe, akatazama Bi Riziki ambaye alikuwa amekunja mikono. Akauliza nani atayabeba maganda hayo mpaka Kizimbani, kwani yeye hana gari la kupoteza. Hapo ndipo Asya akampigia simu Bwana Machano, akamweleza kila kitu, hata visu vyekundu. Mzee akataka kuzungumza na Bi Riziki mwenyewe. Walizungumza kwa muda mrefu, wakaulizana koo zao mpaka wakafika Tumbatu, wakakuta kuna mjomba. Simu iliporudi, Bwana Machano alisema yeye hupanda kaskazini na mayai na kuteremka na trei tupu. Basi atateremka na maganda.

Nilisaidia kupakia mzigo wa kwanza. Pipa la mapapai liliniponyoka, likanimwagikia suti yote, ile ya kusainia mkataba.

Nilirudi Morogoro bila karatasi iliyosainiwa, na mkuu wangu hakuificha huzuni yake. Kwa wiki kadhaa sikusikia neno. Kisha Asya akapiga simu. Alikuwa amewatupa funza wa zamani wote na kuanza na mayai mapya ya nzi, kwenye mabeseni mapya. Wale wa maganda wanakua polepole zaidi, wembamba, lakini wanakua, na vichwa vya samaki vimewasaidia. Fedha za mradi zilikwisha kama zilivyotarajiwa. Kodi ya banda sasa analipa Machano, ambaye hakuuza kuku hata mmoja na tayari analalamika kwamba funza hawatoshi. Shimo la Kendwa bado linanuka, kwa unyenyekevu zaidi. Makala yake ya zamani kuhusu funza, Asya aliniambia akicheka, inaendelea kusifiwa na watu wasiofuga kuku.

Mkuu aliponitaka nieleze nilichojifunza, nilimwambia kwamba tangu hapo mtafiti akija ofisini kutafutiwa tajiri, simuulizi amegundua nini. Namuuliza kitaishia mdomoni mwa nani, na kama ameshakwenda kumsalimia. Wengi huahidi kurudi na jibu. Wachache wamerudi wakiwa na matope viatuni, na ni kwa ajili ya hao ninawapigia simu wafanyabiashara.