Dazeni Mbili na Matano

Katika chumba cha kufulia cha hospitali mvuke hauishi, na Mama Mikunjo amekunja mashuka humo miaka kumi na tisa, mpaka mikono inakunja yenyewe huku akili yake iko mbali. Miguu ndiyo imemgomea: ikifika jioni inavimba hadi viatu havivuliki. Kwa hiyo ilipotangazwa nafasi ya stoo ya mashuka, kazi ya kukaa, akasema hii hainipiti. Ila hesabu za stoo huandikwa kwa Kiingereza, na mkuu wake huhoji kwa Kiingereza.

Mdogo wake, karani wa posta, akamfundisha jikoni.

"Dada, ukijua idadi, neno linatulia: two dozen, three hundred. Ukiwa hujui ni ngapi, unaona tu ni nyingi, ndipo linaota mkia: dozens, hundreds."

"Yaani wakijua hawaongezi kitu, wasipojua ndipo wanaongeza?"

"Ndivyo."

"Basi kama majirani zangu."

Mdogo wake alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kazini, kila shuka alilolikung'uta lilipaa kidogo ndani ya mvuke, likashuka polepole kama linasinzia. Mawingu, dozens. Ndoto za wagonjwa walizoziota juu ya vitambaa hivi, hundreds, nani azihesabu? Wanawe, three, basi.

"We, unacheka na nani?" mwenzake akamuuliza.

"Na watu wa mbali."

Siku ya mahojiano, mkuu wa stoo, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alionyesha mafungu mawili mezani, akauliza kwa Kiingereza mashuka ni mangapi. Mama Mikunjo akasimamisha mkono kando ya fungu la kwanza. Hicho ndicho kipimo chake: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ni dazeni. Lakini la pili lilikuwa limekunjwa na mkono mwingine, limejaa hewa, kipimo kingemdanganya. Akalivuta, akalikunja upya moja moja, taratibu, kana kwamba yuko peke yake duniani. Mkuu akagonga kalamu mezani.

"Two dozen and five," akasema hatimaye.

Mkuu akahamia Kiswahili. "Karatasi inasema dazeni mbili na sita, mama. Fikiri vizuri."

Kusema sita ni rahisi, na kazi ingekuwa yake. Akayatazama mashuka, nayo yametulia tu.

"Ni matano, mkuu."

Mkuu akavaa miwani, akalamba kidole, akahesabu. Alipofika mwisho akaanza tena toka chini. Kisha akamsukumia karatasi na kalamu.

"Futa hiyo sita, utie sahihi pembeni. Kuanzia Jumatatu mashuka yakipotea nakuuliza wewe."

Mama Mikunjo akaishika kalamu. Halafu, kabla hajaandika chochote, akaomba kiti.