Ukuta wa Kashindye

Mwaka 1998 ofisi za kupiga chapa pale Mwanza zilikuwa zimeanza kutupa taipureta na kununua kompyuta, na Tereza alikuwa mpiga chapa katika mojawapo. Soko lilikuwa huria, kila mtu mfanyabiashara. Tajiri wake, Luhaga, alipoona barua peke yake hazimlipi, akaweka kwenye kompyuta mchezo wa kupigana kwa bunduki ndani ya majumba, na watu wazima na ndevu zao wakawa wanapanga foleni kuucheza.

"Kuta za humu ni za Kizungu mno," alimwambia Tereza. "Wewe si unaijua ile programu ya kuchorea kadi za harusi? Zibadilishe zifanane na za kwetu."

Tereza hakungoja kuambiwa mara mbili. Kule Ilemela, juu ya mawe, ilikuwapo nyumba ya udongo ya marehemu mama yake, Kashindye. Kila kiangazi mama huyo aliusiriba ukuta wa mbele kwa udongo mwekundu na majivu, kisha akautia mawimbi kwa vidole vyake. Obedi, kaka yake Tereza, alikwisha kusema nyumba ile ni aibu, ataivunja ajenge ya matofali ya saruji. Tereza alimsihi mpaka akachoka.

Basi Jumamosi tatu alikaa mbele ya ukuta ule na daftari la hesabu, akiuchora kwa kupaka rangi kila kimraba cha karatasi, kama anayehesabu mishono ya kitambaa cha kudarizi. Ofisini akaunakili kwenye kompyuta doa kwa doa, akalinganisha kingo ili picha ile ndogo ikirudiwarudiwa kufunika kuta za mchezo isionyeshe maungio. Alipoufungua mchezo, ukuta wa mama ulisimama mbele yake, mrefu kuliko mtu. Alilia, wala hakuona haya.

Wateja wakaja. Mayala, dalali wa samaki, aliutazama kidogo, kisha akafyatua. Matundu yakajaa juu ya alama za vidole.

"Huu unatoboka vizuri," alisema, na wenzake wakacheka.

Tereza akamfuata tajiri. "Bosi, naomba niuondoe. Ni ukuta wa mama yangu."

"Kwani mama yako yumo humo?" Luhaga aliuliza. "Wateja wameupenda. Uache."

Mchuma janga hula na wa kwao, na Tereza mwenyewe ndiye aliyewapelekea wateja ukuta wa mama. Roho ilimuuma. Jumapili alipofika Ilemela alikuta kifusi, na Obedi anakoroga saruji.

"Nilikwambia," alisema Obedi bila kuinua macho.

Tangu hapo Tereza hakuomba tena ukuta uondolewe mchezoni. Kila asubuhi, kabla ya wateja, aliwasha mashine akatembea ndani ya mchezo mpaka kwenye ukuta ule. Matundu ya jana hayakuwapo, maana mchezo ukianza upya kuta hupona. Alisimama akautazama. Kwenye sehemu ya chini ya kioo cha kompyuta, mikono ya mchezaji ilikuwa imeshika bunduki, imeuelekea ukuta. Alijaribu vitufe vyote. Mchezo ule haukuwa na namna ya kuiweka bunduki chini.